Kuzidisha Namba Nzima: Njia Nyingi, Kanuni Moja

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa aweze:
(a) kuzidisha namba zenye tarakimu nyingi kwa njia zaidi ya moja;
(b) kueleza kwa nini kila njia inaleta jibu sahihi;
(c) kukagua jibu lake kabla ya kwenda swali linalofuata;
(d) kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kuzidisha bila kukariri tu.

Ndugu mtahiniwa, huenda unajiuliza kwa nini kitabu cha kidato cha nne kinarudi kwenye hesabu za darasa la nne. Sababu ni hii: watahiniwa wengi hawapotezi alama kwa kutojua faida na hasara, eneo au mfuatano. Huandika kanuni sahihi, huweka namba sahihi, kisha huharibu kwenye kuzidisha. Usiruke somo hili.

1. Hesabu ya mpunga

Bukene, wilayani Nzega, ni kituo cha reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Watu wa huko hulima mpunga, na wakati wa kuuza, mtoto anayesoma sekondari ndiye huitwa kushika kalamu.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alitumwa na mama yake kupiga hesabu ya kilo 204 za mpunga, kilo moja ikiwa shilingi 1,150. Aliandika hivi:

    1150
  ×  204
    4600
 + 2300
   27600

Akamwambia mama yake, "Mama, utapata elfu ishirini na saba na mia sita." Mama, ambaye hakufika sekondari, alikataa papo hapo. "Hapana mwanangu. Kilo mia moja peke yake ni laki moja na elfu kumi na tano. Mia mbili ni laki mbili na elfu thelathini. Bado hujaweka zile nne. Hiyo elfu ishirini na saba imetoka wapi?"

Mama alikuwa sahihi. Malipo halali ni shilingi 234,600. Kwa kosa la binti, shilingi 207,000 zingebaki mfukoni mwa mnunuzi.

Kosa liko wapi? Tarakimu 2 katika 204 si mbili, wala si ishirini. Ni mia mbili. Kwa hiyo mstari wa pili ulitakiwa kuwa 1150 × 200 = 230,000. Binti aliiona sifuri ya katikati, akaona "haina kitu", akairuka, na mia mbili ikageuka kuwa ishirini.

Sasa tazama mama alivyofanya. Aliigawa 204 kuwa 200 na 4, akazidisha kila sehemu, kisha akajumlisha. Hakuandika popote, lakini alitumia kanuni ambayo juu yake zimejengwa njia zote utakazozisoma hapa chini.

Kanuni: a × (b + c) = (a × b) + (a × c)

Unaijua kanuni hii kwa jina la kufungua mabano. Kila njia ya kuzidisha ni namna ya kuipanga kwenye karatasi.

2. Njia tano, hesabu moja

Tutatumia hesabu moja kwenye njia zote ili uone zinavyofanana: magunia 47, kila moja lina kilo 86. Jumla ni kilo ngapi? Yaani 86 × 47.

Njia ya kwanza: kisanduku

Igawe kila namba kwa thamani ya nafasi: 86 = 80 + 6, na 47 = 40 + 7. Chora kisanduku chenye vyumba vinne.

   ×   |   80  |   6
  40   | 3200  |  240
   7   |  560  |   42

Jumlisha vyumba vyote: 3200 + 240 + 560 + 42 = 4042.

Faida yake ni kwamba hakuna kinachofichika. Kila sifuri inaonekana, na ukikosea chumba kimoja unakirekebisha bila kufuta hesabu nzima. Hasara yake ni nafasi: namba za tarakimu tatu kwa tatu zinataka vyumba tisa.

Njia ya pili: wima

Hii ndiyo uliyoizoea.

     86
  ×  47
    602     (86 × 7)
 + 3440     (86 × 40)
   4042

Linganisha na kisanduku. Mstari wa 602 ni vyumba vya chini, 560 + 42. Mstari wa 3440 ni vyumba vya juu, 3200 + 240. Njia ya wima ni kisanduku kilichokunjwa. Inachukua nafasi ndogo, lakini inakudai uangalifu zaidi.

Zingatia: Wengi hufundishwa "ruka nafasi moja" kwenye mstari wa pili, nao huiacha tupu. Usiache tupu. Andika sifuri. Sifuri hiyo inasema kwamba unazidisha kwa 40, si kwa 4. Kama unazidisha kwa 200, andika sifuri mbili. Binti wa Bukene angeandika sifuri zake, asingekosea.

Njia ya tatu: wavu

Chora kisanduku cha vyumba vinne tena, lakini sasa kata kila chumba kwa mstari wa mshazari, kutoka pembe ya juu kulia hadi pembe ya chini kushoto. Andika 8 na 6 juu, 4 na 7 upande wa kulia. Katika kila chumba zidisha tarakimu mbili tu. Makumi yakae juu ya mshazari, mamoja yakae chini yake.

Mstari wa juu: 8 × 4 = 32, na 6 × 4 = 24.
Mstari wa chini: 8 × 7 = 56, na 6 × 7 = 42.

Kisha jumlisha kwa kufuata mishazari, ukianzia pembe ya chini kulia:

Mamoja: 2
Makumi: 4 + 6 + 4 = 14. Andika 4, beba 1.
Mamia: 5 + 2 + 2 = 9, jumlisha 1 uliyobeba = 10. Andika 0, beba 1.
Maelfu: 3 + 1 = 4.

Jibu ni 4042. Kila mshazari ni nafasi moja: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Njia hii ina historia ndefu. Ilitumika India, katika nchi za Kiislamu na Ulaya. Mwaka 1617 John Napier, yuleyule aliyetuletea logarithimu, alichapisha kitabu kuhusu vijiti vilivyoandikwa majedwali ya kuzidisha, vinavyofanya kazi kwa mpango huu. Inamfaa anayechanganyikiwa na kubeba, kwa sababu kuzidisha kunamalizika kabla ya kujumlisha kuanza.

Njia ya nne: mara mbili mbili

Hapa huhitaji jedwali la kuzidisha. Unahitaji kujua mara mbili tu.

   1    86
   2    172
   4    344
   8    688
  16    1376
  32    2752

Tafuta namba za kushoto zinazofanya 47. Ni 32 + 8 + 4 + 2 + 1. Acha mstari wa 16. Jumlisha namba za kulia za mistari iliyobaki: 2752 + 688 + 344 + 172 + 86 = 4042.

Wamisri wa kale walizidisha hivi. Iko katika mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo. Kanuni ni ileile: 47 imegawanywa, ila safari hii haikugawanywa kwa makumi na mamoja.

Njia ya tano: kukopa na kurudisha

47 iko karibu na 50, na kuzidisha kwa 50 ni rahisi. Kopa magunia 3, kisha uyarudishe.

86 × 47 = 86 × 50 − 86 × 3 = 4300 − 258 = 4042.

Wafanyabiashara wengi sokoni hupiga hesabu hivi kichwani. Itumie namba inapomalizikia na 8 au 9, au inapokaribia 50 au 100.

3. Uhusiano na aljebra

Kama umeelewa kisanduku, umeelewa pia kufungua mabano mawili. Tazama (2x + 3)(x + 5):

   ×   |  2x   |   3
   x   |  2x²  |  3x
   5   |  10x  |  15

Jumla: 2x² + 13x + 15.

Sasa weka 10 mahali pa x. Mabano yanakuwa 23 × 15, na jibu linakuwa 200 + 130 + 15 = 345. Zidisha 23 × 15 kwa wima uone kama hupati 345. Mtahiniwa anayeandika 2x² + 15 amefanya kosa la jamaa yake anayezidisha 20 kwa 10, kisha 3 kwa 5, akasahau vyumba viwili vya katikati.

Tofauti ya vipeo viwili vya pili nayo ni njia ya mkato:

98 × 102 = (100 − 2)(100 + 2) = 10,000 − 4 = 9,996.

Mtihani ukiwa na swali la namna hii, mtunga swali hataki uzidishe kwa wima. Anataka aone kama umeitambua kanuni.

4. Namna ya kukagua jibu

Kagua kwa hatua tatu. Hazichukui hata dakika moja.

Kwanza, kadiria. 86 × 47 iko karibu na 90 × 50 = 4500. Jibu la 4042 linakubalika. Jibu la 404 au 40,420 halikubaliki.

Pili, tazama tarakimu ya mwisho. 6 × 7 = 42, kwa hiyo jibu lazima liishie na 2.

Tatu, jumlisha tarakimu hadi ibaki moja. 86: 8 + 6 = 14, kisha 1 + 4 = 5. 47: 4 + 7 = 11, kisha 1 + 1 = 2. Zidisha: 5 × 2 = 10, kisha 1 + 0 = 1. Jibu: 4 + 0 + 4 + 2 = 10, kisha 1. Zimelingana.

Zingatia: Ukaguzi wa tatu una udhaifu mkubwa. Rudi kwenye mpunga. 1150 inatoa 7, 204 inatoa 6, na 7 × 6 = 42, inatoa 6. Jibu sahihi 234,600 linatoa 15, kisha 6. Lakini jibu la makosa 27,600 nalo linatoa 15, kisha 6! Sifuri iliyopotea haibadilishi jumla ya tarakimu. Hata ukaguzi wa pili unapita, maana majibu yote mawili yanaishia na 0. Kosa hili linanaswa na kukadiria peke yake: kilo 200 kwa shilingi 1,000 ni 200,000. Hicho ndicho alichofanya mama. Kwa hiyo anza na kukadiria kila mara.

5. Ukimfundisha mdogo wako

Njia bora ya kujua kama umeelewa ni kumfundisha mwingine. Baadhi yenu mtakwenda vyuo vya ualimu, na wengine mna wadogo nyumbani wanaohangaika na hesabu hizi. Fuata hatua hizi.

(i) Anza na vitu vinavyoonekana. Chora ardhini mistari 12 ya nukta, kila mstari nukta 14. Mwambie akate mstatili huo kwa fimbo baada ya nukta 10, kwa upana na kwa urefu. Atapata vipande vinne: 100, 40, 20 na 8. Jumla 168. Huyo ameshaona kisanduku kabla ya kukichora.

(ii) Nenda kisanduku, kisha wima. Asipewe njia ya wima kabla hajaweza kusema kila mstari umetoka kwenye vyumba gani.

(iii) Usimpe njia tatu kwa siku moja. Atachanganya mishazari ya wavu na sifuri za wima. Njia moja ikishakaa, leta nyingine, na hesabu iwe ileile ili alinganishe majibu.

(iv) Akikosea, usimwambie tu "umekosa". Muulize, "Hii 2 ni mbili, ishirini, au mia mbili?" Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe.

(v) Mwache achague. Mtoto anayepata jibu sahihi kwa wavu si mjinga kuliko anayetumia wima. Mdai kitu kimoja tu: aeleze kwa nini njia yake inafanya kazi.

6. Mtihani unataka nini?

Maelekezo ya mtihani wa Hisabati hutaka kazi yote ionyeshwe wazi. Tumia njia unayoiamini zaidi, uipange vizuri, na uache kila mstari uonekane. Ukionyesha hatua zako, msahihishaji anaweza kuona ulikuwa unaelekea wapi hata kama kuzidisha kumekuponyoka mwishoni. Ukiandika jibu tupu na likawa kosa, hana cha kukupa. Muda ukibaki, rudia hesabu kwa njia nyingine, si ileile. Ukirudia kwa njia ileile, ni rahisi kurudia kosa lilelile.

7. Mazoezi

1. Zidisha 64 × 38 kwa kisanduku, kisha kwa wima. Onyesha kila mstari wa wima umetoka vyumba vipi.

2. Zidisha 305 × 208. Anza kwa kukadiria.

3. Tafuta thamani ya 97 × 103 bila kuzidisha kwa wima.

4. Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, na hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Kama msafara una wapagazi 148 na kila mmoja amebeba kilo 32, mizigo yote ina kilo ngapi? Tumia njia ya mara mbili mbili.

5. Mkulima ana magunia 36 ya mpunga, kila moja kilo 78. Anauza kilo kwa shilingi 1,150. Atapata shilingi ngapi?

6. Mwanafunzi ameandika 412 × 306 = 14,832. (a) Bila kuzidisha upya, onyesha kwamba amekosea. (b) Eleza kosa lake. (c) Toa jibu sahihi.

Majibu

1. Vyumba: 1800, 120, 480, 32. Jumla 2,432. Mstari wa 64 × 8 ni 480 + 32 = 512; mstari wa 64 × 30 ni 1800 + 120 = 1,920.

2. Kadirio 300 × 200 = 60,000. Jibu 63,440. Kama umepata 8,540, umeiruka sifuri ya 208.

3. (100 − 3)(100 + 3) = 10,000 − 9 = 9,991.

4. 148, 296, 592, 1184, 2368, 4736. Kwa kuwa 32 yenyewe iko kwenye orodha, hakuna cha kujumlisha. Kilo 4,736.

5. 36 × 78 = 2,808. Kisha 2,808 × 1,150 = 2,808,000 + 421,200 = 3,229,200. Shilingi 3,229,200.

6. (a) 400 × 300 = 120,000, na namba zote mbili zimepunguzwa, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa chini ya 120,000. (b) Amezidisha kwa 30 badala ya 300. (c) 126,072.

Ukikosa swali la 2 au la 6, rudi sehemu ya kwanza ya somo hili, uisome tena polepole, kisha ufanye 1150 × 204 mwenyewe kwa kisanduku na kwa wima. Usiende somo linalofuata mpaka majibu yako mawili yalingane.